Barua ya wazi kwa vijana wachomeleaji wa Kisumu

Wanangu wa karakana za Kibuye, Kondele na Obunga,

Nawasalimu kwa heshima, ingawa naandika nikiwa na hasira ambayo nimeshindwa kuituliza tangu wiki iliyopita. Mnayajua yaliyotokea. Mwanakandarasi mmoja, ambaye sitamtaja, alikuja kutafuta wachomeleaji wa fremu za ghala, nanyi mkajitokeza kwa wingi alfajiri, glavu mkononi na kofia za kuchomelea kwapani. Msimamizi wake hakutaka maneno mengi. Alimpa kila mmoja vipande viwili vya bamba nene, akaagiza viunganishwe vikiwa vimesimama wima, kisha akavikata na kuvipinda kwa mashine. Viungo vya wengi wenu vilipasuka, na ndani yake tukaona matundu pamoja na gamba la uchafu wa kuchomelea lililonaswa. Kiungo kimoja tu kilipinda bila ufa, lakini kijana aliyekichomelea alipoulizwa cheti cha gredi ya ufundi akabaki kutazama viatu vyake. Aliandikwa kuwa msaidizi, na sasa anafanya kazi ya fundi kwa malipo ya mbeba vyuma.

Mwanakandarasi huyo ana lawama zake, kwa maana aliuona ujuzi kwa macho yake akaamua kuununua kwa bei ya kutupa. Hata hivyo ninyi ndio wanangu, na mwenye mtoto humkanya wake kwanza.

Wengi wenu mmekaa katika kazi hii miaka nenda miaka rudi, na geti mnalotengeneza leo halina tofauti na la mwaka wa kwanza, hadi maua yake ni yale yale. Mnajua kijiti cha kuchomelea cha aina moja tu, 6013, kwa sababu huwaka kwa urahisi na huvumilia chuma chenye kutu kidogo. Kwa dirisha na geti kinatosha kabisa. Lakini nguzo, daraja na chombo cha majini mara nyingi huhitaji 7018, na kijiti hicho kina masharti. Ni lazima kikae pakavu, na kikishafunguliwa kitunzwe katika tanuri lake, kwa kuwa unyevu ulioingia kwenye ganda lake hutoa hidrojeni wakati wa kuchomelea, na hidrojeni hiyo huweza kukipasua kiungo saa kadhaa baada ya fundi kwenda nyumbani akidhani amemaliza. Nimepita karakana zenu msimu wa mvua nikaona 7018 zimelazwa sakafuni kando ya mtungi wa maji ya kunywa! Nilipouliza, nikajibiwa kwamba wateja wa hapa hawajui tofauti. Mteja hajui, ndiyo, wala si kazi yake kujua. Wewe unayetaka kutoka kwenye mageti uende kwenye maghala, na kutoka maghalani uende bandarini, utajifunza lini jambo ambalo mteja hajakuuliza? Siku ya kuulizwa ndiyo hiyo mliyoiona, na haikuwa siku ya kujifunza.

Sasa nije kwenye cheti. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa gredi tatu: unaanza na ya Tatu, unapanda hadi ya Pili, kisha ya Kwanza, ambayo ndiyo ya juu. Mtihani una sehemu ya vitendo na sehemu ya nadharia, na hauhitaji uwe umepitia chuo, kwa hiyo aliyejifunzia kazi chini ya mti wa Kibuye ana nafasi yake. Kituo chao kipo hapa hapa Kisumu. Aidha, mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mlango uko wazi, nanyi mnasema ada ni kubwa, ilhali nawaona mkibadilisha simu kila baada ya msimu. Samahani kwa ukali, lakini ni kweli.

Yapo mengine nitakayoyataja kwa ufupi. Kila mtu awe na daftari la kazi alizofanya, lenye tarehe, picha na namba ya mteja. Msihame karakana kwa nyongeza ya shilingi hamsini mkiwa bado hamjajifunza alichonacho fundi mnayemwacha. Msichukue malipo ya awali ya kazi mbili kwa wakati mmoja. Vaeni miwani mnapotumia grainda, hata kwa kipande kidogo.

Na wazee wenzangu msikae mkitikisa vichwa. Wapo mafundi miongoni mwetu wanaomficha mwanafunzi namna ya kuweka mkondo wa umeme wa mashine, wakihofu atafungua karakana ng'ambo ya barabara, na wapo wazazi wanaompeleka mtoto kwenye kuchomelea kama adhabu ya kufeli mtihani wa shule. Mtoto aliyeletwa kwa dharau atajithamini vipi? Meli ya MV Uhuru II iliundwa hapa bandarini kwetu, na meli haishikani kwa maombi, bali kwa viungo vilivyochomelewa na mikono ya watu. Mji wenye kazi ya namna hiyo hauna sababu ya kumwona mchomeleaji kuwa mtu aliyekosa la kufanya.

Najua kinachowatisha wengi si moto, ni karatasi ya nadharia. Kwa hiyo, kuanzia Jumamosi ijayo, baada ya saa kumi jioni, nitakuwa kwenye karakana yangu ya zamani nyuma ya soko la Kibuye, tusome alama za michoro, aina za vijiti na hesabu za vipimo. Sitozi ada. Njooni na daftari na kalamu, na yule kijana wa kiungo kisichopasuka aje wa kwanza, maana fomu yake ya Gredi ya Tatu nataka tuijaze pamoja siku hiyo hiyo.

Ni mimi mzee wenu,
Mchomeleaji mstaafu, Kisumu