Gonga boneti kwanza, Mama Atieno

Section 58, Nakuru
Jumapili jioni

Mama Atieno mpenzi,

Hongera za gari! Picha yako ilinikuta dukani nikihesabu trei za mayai, nikapiga vigelegele mpaka mteja akaniuliza nimeolewa tena au vipi. Vitz nyeupe, na wewe kando yake umeshika ufunguo kama bibi harusi na maua yake. Lakini kuna kitu kwenye hiyo picha ambacho nadhani hukukiona. Itazame tena, hapo chini nyuma ya gurudumu la mbele. Mkia. Ndipo nikasoma yale maneno yako ya mwisho, kwamba paka shume wa hiyo ploti wamehamia chini ya gari, na jirani amekushauri uwatilie dawa ya panya kwenye kichwa cha samaki yaishe.

Nilitaka kukupigia, ila simu zetu unazijua. Tungeanza na paka tukaishia kwenye harusi ya mtoto wa fulani, salio limekwisha na paka bado wako chini ya gari. Afadhali niandike.

Hiyo dawa usiitie, tafadhali. Sumu haichagui. Itakula mbwa wa mwenye ploti, itakula bundi atakayeokota panya aliyeilamba, na hao watoto wanaotambaa hapo uani kila kitu chao ni mdomoni. Tena kuwatesa wanyama ni kosa la jinai Kenya hii, Sura ya 360 ya sheria zetu, hata kama paka mwenyewe hana mwenyewe. Na umwambie huyo jirani kitu kimoja zaidi: paka wakiondoka, panya watahamia kwenye gari lako. Hapa kwetu kuna mwalimu mmoja alitafuniwa waya chini ya boneti mara mbili, na bei aliyotajiwa na fundi wa umeme ilimfanya aketi kwenye tairi. Tangu siku hiyo yeye ndiye mtu wa kwanza kutetea paka kwenye mkutano wa wapangaji.

Sasa nikueleze kwa nini mimi, ambaye unajua sikuwahi kupenda paka, nina maneno mengi hivi.

Ilikuwa Julai, mwaka juzi. Wewe wa Kisumu baridi ya Julai huijui. Nyinyi mmeketi kando ya ziwa, mita 1,100 na kitu, usiku mnafungua madirisha. Sisi hapa tuko kwenye mita 1,850 hivi, na upepo wa mlima Menengai ukishuka usiku hata soja, mlinzi wetu, hulala na blanketi mbili. Nilikuwa nimetoka Bahati kuchukua mayai, nikaegesha Probox yangu saa tano za usiku injini ikiwa moto kama jiko. Saa kumi na moja alfajiri nikatoka na kikombe cha chai mkononi, nikaingia, nikazungusha ufunguo.

Kulikuwa na mlio mmoja mfupi. Halafu kama mtu amepiga kofi kwa ndani. Nikazima.

Soja alikuja na tochi, tukafungua boneti. Sitakueleza yote. Manyoya ya rangi ya chungwa yalikuwa yamebanwa kati ya mkanda wa injini na puli, na mwenye manyoya alikuwa bado mdogo, hajafika hata miezi sita. Soja hakusema neno. Alivua kofia yake ya sufu, ile anayovaa usiku kucha, akamtoa nayo polepole, akampeleka nyuma ya tangi la maji akamfukia. Mimi nilisimama pale na chai yangu mpaka ikapoa. Na mama yake, yule wa madoa, alizunguka hilo gari siku tatu akiita. Siku tatu, Mama Atieno. Nilikuwa nikisikia nikiwa jikoni nikaongeza sauti ya redio.

Fundi aliyekuja kubadilisha mkanda ni kijana wa jua kali, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Akaniuliza, "Mama, uligonga?" Nikamwuliza nigonge nini. Akanishika mkono akanionyesha mahali wanapolala: hapa juu ya betri, hapa kati ya injini na ukuta wa ndani, na hapa juu ya tairi, pale ambapo chuma kimepinda kama kibanda. Paka hupenda joto kutushinda sisi. Hali ya hewa ambayo wewe unaiona ni shwari, yeye kwake ni baridi. Anastarehe kuanzia nyuzi 30 hivi kwenda juu. Injini iliyozimwa usiku hushika joto kwa saa kadhaa, haina upepo, haina mbwa. Ungekuwa paka ungelala wapi?

Na jambo moja alilonieleza lilinishtua, nalo linakuhusu sana kwa hiyo Vitz. Feni ya rejeta kwenye magari mengi ya siku hizi ni ya umeme. Inaweza kujiwasha yenyewe gari likiwa limezimwa, ikiwa maji bado ni ya moto. Kwa hivyo usitie mkono pale hovyo ukitafuta paka.

Nilianza kugonga siku hiyo hiyo. Kofi mbili kubwa juu ya boneti, teke kwenye tairi, ndipo nafungua mlango. Ila niligundua kugonga peke yake hakutoshi. Kuna paka akisikia kishindo anakimbia, na kuna mwingine anaganda palepale, anajibana zaidi akingoja hatari ipite. Honi ni hivyo hivyo, na alfajiri inakugombanisha na ploti nzima. Kwa hiyo asubuhi za baridi au za mvua nainua boneti kabisa, namulika na simu, nachungulia juu ya tairi zote nne, ndipo naingia. Nimejipima, dakika moja na nusu. Watoto wananiita Mama Gonga. Sawa tu.

Kwako Kisumu shida itakuwa nyingine kidogo. Joto la injini hawalihitaji. Wao wanatafuta kivuli. Saa saba mchana gari lililoegeshwa ni mwembe. Atalala chini, mgongo kwenye tairi, na hatakusikia ukija na viatu vyako vya raba. Kwa hiyo kwako la muhimu zaidi ni kuinama. Inama pande zote mbili kabla ya kurudi nyuma, hasa wewe ambaye, usikasirike, hata na baiskeli ulikuwa ukirudi nyuma bila kutazama. Na ukiacha vioo wazi kwa sababu ya jua, tazama viti vya nyuma kabla ya kufunga. Paka aliyefungiwa ndani ya gari kwa jua la Kondele hamalizi mchana.

Halafu kuna vitoto. Siku moja utainua boneti ukute vitatu vimejikunja kama soksi, macho hayajafunguka (hufunguka baada ya siku saba hadi kumi hivi). Usivibebe ukavipeleka sokoni, usivioshe, usivinyweshe maziwa ya ng'ombe, yataviharisha. Mama yao huwa ameenda kutafuta chakula, na mara nyingi yeye mwenyewe anawahamisha kimoja kimoja kwa meno. Viweke kwenye katoni yenye kitambaa, karibu kabisa na gari, mahali pakavu, kisha ondoka mbali. Siku hiyo panda tuktuk. Kama mpaka usiku hajaonekana ndipo utafute msaada.

Jirani yangu wa nyumba namba tano alichelewa kuamini haya. Aliendesha mpaka Njoro akisikia kitu kinalia, akadhani ni beringi. Pale sokoni Njoro akafungua boneti akiwa na fundi na watu kumi wanaotazama: paka mzima, masizi mpaka masharubu, amekumbatia betri. Alikataa kutoka kabisa. Kijana mmoja akatoa simu, akacheza sauti ya kitoto cha paka kikilia, na yule paka akainua masikio, akajisukuma akatoka mwenyewe. Walimrudisha Nakuru kwenye kikapu cha kuku. Nakwambia hii kwa sababu ya hiyo sauti. Nimeshaitumia mara mbili, inafanya kazi kuliko kuvuta mkia. Ukivuta atakuuma. Na akikuuma au kukuparua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo uulize sindano za kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama paka ataugua.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia nililipata kwa fundi: kulanti. Ile rangi ya kijani au nyekundu wanayotia kwenye rejeta. Ya aina nyingi ina sumu inayoua figo, na ina utamu fulani, mnyama huilamba. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kuua paka. Anaanza kutembea kama mlevi, watu wanacheka, kesho yake hayupo. Ukiona gari lako limeacha tone la rangi chini, mwaga mchanga, uzoe, uoshe kwa maji mengi, kisha ukatengeneze linalovuja. Kama umemwona paka akilamba, ni daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Baada ya saa tatu hivi matumaini ni madogo sana.

Lakini yote haya ni kuzima moto. Kilichopunguza paka kwenye magari yetu ni kwamba tuliwapa mahali pengine pazuri zaidi. Kwanza chakula. Wewe, najua, unawarushia mabaki ya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aliyetolewa minofu, kutoka mlango wa jikoni, na mlango wako unatazamana na gari. Kwa hiyo umewaita mwenyewe! Peleka sahani kule kwenye ukuta wa nyuma, saa ile ile kila jioni, na baada ya nusu saa uiondoe. Wiki mbili tu watajua ratiba kuliko watoto wako.

Kisha malazi. Nilichukua pipa la plastiki la lita 50 lililopasuka, nikalilaza, soja akakata tundu la ukubwa wa kisahani cha chai, mbwa asiingie. Tukaliinua juu ya matofali mawili, tundu likatazama ukuta kwa sababu ya upepo na vumbi (na unajua hata jina Nakuru husemwa ni vumbi kwa Kimaasai, na hawakukosea). Ndani nikaweka sweta la mitumba. Wapi! Baada ya mvua ya kwanza lilikuwa zito kama udongo na paka wamerudi kwenye Probox. Soja akacheka, akaleta nyasi kavu, zile za kufugia kuku. Nyasi hazishiki maji kama nguo. Paka anajichimbia katikati na joto lake mwenyewe linabaki naye. Kwako hutahitaji pipa. Weka bati la kivuli kando ya huo ukuta na bakuli la maji.

La kuzaa pia mlifikirie mapema. Jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne au mitano, na mimba ni siku 63 hadi 65, sasa piga hesabu mwenyewe. Tulichanga wapangaji sita, kama chama tu, tukamwita daktari wa mifugo mwenye mtego wa kisanduku. Majike watatu na dume mmoja mkorofi walifungwa uzazi, wakachanjwa kichaa, kila mmoja akakatwa ncha ya sikio la kushoto akiwa bado amelala dawa, ili tujue nani ameshapita. Wakarudishwa hapa hapa. Kelele za usiku zilikwisha, na hilo ndilo lililomfanya mwenye ploti aache kutishia. Yule wa madoa alikuwa wa kwanza kuingia mtegoni. Njaa au uchovu, sijui.

Bado yuko. Asubuhi ya leo baridi ilikuwa ya kukata masikio, nikagonga, kimya, nikainua boneti, na huyo hapo juu ya betri, sikio fupi, ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia nyumbani kwake bila hodi. Pipa ana, nyasi ana. Nilingoja. Akajinyoosha mguu mmoja, akajinyoosha wa pili, akashuka kupitia gurudumu, akaketi kwenye ngazi kujilamba. Wateja wa mayai wa Kanisa la asubuhi walinisubiri robo saa.

Nitumie picha nyingine ya gari, safari hii piga kuanzia chini. Na mkija Agosti, Baba Atieno apitie ufukweni Dunga aniletee omena, gorogoro mbili: moja yetu, na moja ya wenye ukuta wa nyuma.

Wako,
Mama Ciku