Usiache Kihispania kwa sababu ya vitenzi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Granada, huku Uhispania. Sisi wazima, ila baridi imetushika kwelikweli. Mama Rehema ameniambia umeamua kuacha Kihispania na kubaki na watalii wa Kiingereza tu, ati vitenzi vimekushinda. Nimeumia, shoga yangu. Ndiyo maana sikungoja Jumapili tupigiane simu.

Anasema unakata neno kwa makofi kama tulivyofundishwa darasa la kwanza, ha-bla-mos, yaani tunazungumza, kisha unatafuta maana ndani ya kila silabi. Hapo ndipo unapochokea! Mdomo hukata ha-bla-mos, kwa kuwa b na l zikifuatana huingia silabi moja. Sarufi hukata kwingine: habl-a-mos. Habl ni mzizi, a inaonyesha kundi la vitenzi vinavyoishia -ar, kama hablar, kuzungumza, mos ni sisi. Wala si jambo geni kwako. Sisi tunatamka a-na-pi-ka, na mzizi ni pik. Umeishi nalo tangu utotoni.

Ila sisi humtaja mtenda mwanzoni, wao humweka mwishoni. Katika cantábamos, mzizi ni cant, ba ni ya mambo yaliyokuwa yakiendelea zamani, na mos ile ile. Tulikuwa tukiimba. Basi mgeni akizungumza, tega sikio mwisho wa neno.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mkazo. Kwetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, hatuufikirii. Kwao hablo ni nazungumza, habló ni alizungumza. Ukiupeleka pasipo pake, umebadilisha mtenda na wakati kwa pumzi moja. Tena mkazo huohuo ndio unaogeuza mizizi ya vitenzi kadhaa: duermo (nalala) lakini dormimos (tunalala), pienso (nafikiri) lakini pensamos (tunafikiri). Ukiangukia mzizi, o huwa ue na e huwa ie; ukihamia mbele, irabu ya awali inarudi. Inanikera watu wanapokaririshwa haya kama orodha ya maajabu, wakati sababu yake unaisikia kwa masikio yako! Na usiikate ue: duer-mo ni silabi mbili tu. Tenía (nilikuwa na) ndiyo tatu, te-ní-a, alama iliyo juu ya í inazitenga irabu.

Nimekwenda mbali. Nilitaka kukuambia usiache, Zuhura. Wahispania wanakuja Serengeti, na wengi hufurahi sana kuhadithiwa kwa lugha yao, nawe kusimulia unajua kuliko sisi sote.

Bado unakwenda kwa yule mwalimu wa jioni? Anawasomesha kwa sauti, au ni kunakili ubaoni tu? Unaweza kunirekodia duermo na dormimos nikusikilize? Na Kibwana ameshapata gari, au bado anaazima? Ile safari ya Ngorongoro mmeshapangiwa nani aongoze?

Wako akupendaye,
Saida