Baada ya kukatwa titi, maswali ndiyo huanza

Mhariri,

Makala yenu ya saratani ya matiti iliishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mimi nilikatwa titi la kushoto miezi 14 iliyopita, nikapigwa mionzi, na sasa nameza kidonge cha kuzuia homoni kila usiku.

Asubuhi nakunja soksi ya mtoto na kuipachika ndani ya sidiria. Juzi nikiinama kufunga kiatu ilinichomoka, ikaanguka mbele za watu. Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Daktari anasema naweza kutengenezewa titi jingine, ama kwa kuwekewa kifuko cha silikoni, ama kwa ngozi na mafuta ya tumbo langu mwenyewe. Kifuko hakidumu maisha yote, na ngozi iliyopigwa mionzi hukaza, hivyo kwangu kifuko ni rahisi zaidi kuleta matatizo. Njia ya tumbo ni upasuaji wa saa nyingi, na kovu kutoka nyonga hadi nyonga. Tena hisia za zamani hazirudi zote. Hili nililijua kwa kuuliza. Hakuna aliyetangulia kunieleza.

Wifi yangu ananiambia, "Umeshapona, urembo wa nini tena?" Si urembo, wifi. Nataka kuvaa gauni bila kurudi kwenye kioo mara tatu. Na bado huenda nikaamua kubaki na kifua bapa.

Mtakapoandika tena, tafadhali wahojini waliotengenezewa, na waliokataa pia.

Msomaji wenu wa siku nyingi