Harambee ya Mashine ya Altrasaundi kwa Chumba cha Dharura

Wapendwa washarika, Bwana Yesu asifiwe.

Wengi mnamkumbuka mwanakwaya mwenzetu aliyejifungua kwa upasuaji mwaka jana. Siku ya tisa mguu wake wa kushoto ulivimba kuanzia paja hadi kifundo. Majirani wakasema matende, wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Kituoni kwetu hapa Mbagala, daktari wa zamu alihisi damu imegandia kwenye mshipa, lakini hakuwa na kipimo cha kumhakikishia. Akaandika rufaa. Mumewe akakodi bajaji, foleni ya Barabara ya Kilwa ikawashika, na walikofika chumba cha vipimo kilikuwa kimeshafungwa hadi asubuhi. Alipona, sifa kwa Mungu. Lakini usiku ule mzima lile bonge lingeweza kung'oka likaenda kuziba mapafu, na kwa hilo mtu anaweza kufa ghafla.

Kinachoniuma ni kwamba kipimo chenyewe, altrasaundi, yaani picha ya ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, ni chepesi. Daktari anapaka jeli, anaweka kichwa cha mashine kwenye kinena, kisha nyuma ya goti, na anabonyeza. Vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ikiwa nzima hubonyea hadi kuta zake zikagusana. Yenye bonge hukataa. Ni dakika chache, pale pale kitandani, bila mionzi, hata mjamzito anapimwa. Bonge likionekana, sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaanza mapema. Lisipoonekana na shaka ikabaki, mgonjwa anarudi kupimwa baada ya wiki moja hivi. Walio hatarini ni wale wale tunaowatembelea majumbani: waliotoka kujifungua, waliofungwa hogo, wagonjwa wa saratani, waliolala kitandani siku nyingi.

Muhimbili walifungua idara ya tiba ya dharura mwaka 2010, kwa hiyo wa kutufundisha wamo humu humu jijini.

Tunahitaji shilingi milioni 14, kwa mashine ndogo inayounganishwa na kishikwambi, jeli, na mafunzo ya matabibu wetu, wa zamu ya usiku wakitangulia. Nawasihi wazee wa kanisa, fedha ya mafunzo isipunguzwe. Asiyezoea kusoma picha ile anaweza kumrudisha nyumbani mgonjwa mwenye bonge.

Kadi za ahadi ziko kwa viongozi wa jumuiya. Harambee ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili. Mwenye kuku alete, mwenye kitenge alete, tutanadi. Mwenye elfu moja asijifiche nyuma ya nguzo, apite mbele na wenzake. Fedha zote apewe mhazini, na kila mtu adai risiti.