Kijana afundishwe kusoma mapato na matumizi ya kijiji chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie elimu ya uraia kwa vijana wetu, somo nililolifundisha kwa miaka mingi hapa Tabora na ambalo naona bado tunalitoa nusu nusu.

Uchaguzi unapokaribia, magari yenye vipaza sauti hupita kuwahimiza vijana wajiandikishe na kupiga kura, na hilo ni jema. Julai 2024, uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulianzia mikoa yetu ya magharibi, na wengi waliokuwa wametimiza miaka 18 walijitokeza. Pengo huanza baada ya kura kuhesabiwa. Uongozi wa kijiji huchaguliwa mara moja kila miaka mitano, lakini mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kufanyika angalau kila miezi mitatu, yaani si chini ya mara 20 katika muda huohuo, na huko hakuna anayemwelekeza kijana nini cha kufanya.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaupa mkutano huo, ambao mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, kauli ya juu kabisa katika sera za jumla za kijiji. Ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inaizuia halmashauri hiyo kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano. Kijana wa Uyui, Kaliua au Sikonge anayetafuta ekari mbili za kulima tumbaku au mahindi anapaswa kujua kwamba idhini hiyo hutolewa chini ya mwembe ule ule anaoupita na bodaboda yake akiwahi abiria.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne waliweza kutaja sifa za demokrasia bila kuruka hata moja. Nilipowauliza ni nani aliyewahi kusikia taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji chake ikisomwa, mikono miwili tu ilinyooka. Siku hiyo niliacha kitabu. Niliandika taarifa ya kubuni kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ubaoni, nikamteua mwenyekiti na mtendaji, na darasa zima likawa mkutano mkuu. Katika mstari mmoja niliandika madawati 40 kwa shilingi 60,000 kila moja, jumla shilingi 2,900,000. Mtendaji wetu alisoma haraka, kama wasomavyo wengi, na taarifa ikakaribia kupitishwa kwa makofi. Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma aliponyoosha mkono na kusema kwamba kwa hesabu yake ni 2,400,000, na akaomba muhtasari uandike kuwa swali limeulizwa. Sikuwa nimemfundisha hilo la muhtasari, lilimjia lenyewe.

Baada ya kumaliza shule, binti huyo aliuliza swali la aina hiyo katika mkutano wa kijiji chao. Aliambiwa akae chini, awaachie wakubwa. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mwacheni mtoto aulize, na sisi tunataka kujua," na mkutano ukamsikiliza. Naliandika hili kwa sababu mabinti ndio hunyamazishwa mapema zaidi, na elimu yoyote ya uraia isiyowaandaa kwa dakika ile ya kuambiwa "kaa chini" itawaacha njiani.

Sisi wa Tabora tunayo sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Januari 1958, TANU ilikutana katika mji huu kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ambao uliwabagua wengi kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Wajumbe wengi walikuja na hasira ya kususia, nayo ilikuwa na msingi. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 36, aliwaonyesha kwamba kususia kungewaachia wapinzani wao wa chama cha UTP (United Tanganyika Party) viti vya Baraza la Kutunga Sheria, na mkutano ukakubali kushiriki. Aliwashawishi kwa kujua kwa undani jinsi uchaguzi ule ulivyopangwa.

Ninachoomba si kikubwa. Walimu waigize mikutano hii darasani, na halmashauri zikubali kuwapa taarifa halisi za kijiji za kufanyia mazoezi. Redio zetu zitenge kipindi cha kueleza akidi (idadi ya wajumbe inayotosha kufanya mkutano), ajenda na muhtasari hata katika mwaka usio na uchaguzi, pamoja na ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya inayotengwa kwa mikopo ya vijana, ambayo wengi huisikia kama fununu. Na wenyeviti wa vijiji wasiitishe mkutano asubuhi ya siku ya kazi, wakati vijana wako shambani au barabarani, kisha wakalalamika kwamba vijana hawahudhurii.

Mwalimu mstaafu wa somo la Uraia,
Tabora