Umeme wa Karuma ufike jikoni

Mhariri,

Nafuatilia makala na barua mnazochapisha juu ya nishati ya Uganda, yaani mafuta ya Hoima, mabwawa ya Nile na umeme wa sola, na nashukuru kwamba jambo hili linapewa nafasi. Ila kila nikimaliza kusoma nabaki na swali lilelile: mbona makaa hayatajwi? Mimi ni mpishi. Nina hoteli ndogo hapa Bweyale, kando ya barabara ya Kampala–Gulu. Wateja wangu ni madereva wa malori, wafanyabiashara wa mahindi na ndugu zetu wa kambi ya wakimbizi ya Kiryandongo. Habari za nishati kwangu zinaanzia chini ya sufuria, na chini ya sufuria nyingi za nchi hii kinachowaka ni kuni na makaa.

Vitabu vya shule vya wanangu vinaweka kuni na makaa upande wa nishati jadidifu, pamoja na jua, upepo na maji, kwa sababu mti ukikatwa mwingine huota. Petroli na makaa ya mawe yako upande wa pili, kwa kuwa yakishachimbwa hayarudi. Kwa mikaratusi ya kupandwa sina ubishi. Lakini makaa ninayoletewa mlangoni hayatoki kwenye mikaratusi. Mengi ni ya miti ya asili, na yanayogombaniwa kuliko yote ni ya mti wa shea, ule ambao mama zetu wa Kiacholi hukamua mbegu zake wakapata moo yaa, yaani mafuta ya shea. Makaa yake ni mazito, ukigonganisha vipande viwili vinalia kama chuma, na ukiyawasha asubuhi maharage yanaiva bila wewe kuongeza kitu. Sifa hizo ndizo zinazoumaliza. Mti huo huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Nani anaupanda leo akisubiri? Na tanuri la udongo la kule porini hula kilo 6 hadi 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya makaa. Kwa kasi hii ya kukata, shea ya Acholi na Lango, huko kaskazini, iko hesabu moja na mafuta ya Hoima: ikiisha imeisha.

Mei 2023 Rais alitoa amri ya kusimamisha biashara ya makaa kaskazini. Naiunga mkono amri hiyo mpaka leo. Yaliyofuata, sisi wa barabarani tuliyaona: malori yakaanza kupita usiku, turubai limekazwa juu, na bei ya gunia ikapanda. Shoka lililozuiwa kaskazini, ng'ambo ya daraja la Karuma, likahamia kwenye miti ya upande wetu. Makaa yalikatazwa, lakini cha kupikia badala yake hakikuletwa, na watu wanakula kila siku.

Na cha kupikia kipo, tena jirani. Bwawa la Karuma lilizinduliwa Septemba 2024, mitambo 6 chini ya ardhi, megawati 600, kubwa kuliko bwawa letu jingine lolote. Nyaya zake za kilovoti 400 zinazokwenda Kawanda zinapita wilayani mwetu. Nilinunua sufuria ya presha ya umeme, na maharage ambayo kwenye makaa hula nusu siku yanaiva ndani ya saa moja, jikoni hakuna moshi, na macho hayaniwashi jioni. Tatizo ni umeme kukatika maharage yakiwa nusu mabichi huku madereva wamekwisha kukaa mezani. Hapo unakimbilia makaa, hupendi lakini unakimbilia.

Tatizo la pili ni bei, na hapa naomba wahusika wanisome vizuri. Bei nafuu ya kupikia imewekwa kwa wateja wa majumbani. Uniti 15 za mwanzo kwa mwezi ni rahisi, kisha bei inapanda, halafu kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 inashuka tena, na hiyo ndiyo bei ya kupikia. Mama anayenunua Yaka, umeme wa kulipia kabla, kidogo kidogo lini atafika uniti ya 81? Na sisi wenye hoteli, wauza chapati, wauza chai sokoni, tunaochoma makaa kutwa nzima, hatumo kabisa. Anayechoma makaa mengi zaidi kwa ajili ya chakula ndiye aliyeachwa nje.

Sisemi umeme wa maji hauna kasoro. Mabwawa ya Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma yote yananywa mto mmoja, Nile. Wenye umri wangu wanakumbuka 2005 na 2006, Ziwa Viktoria liliposhuka na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme na majenereta ya dizeli ya gharama kubwa. Aprili 2020 kisiwa cha majani kilielea ziwani hadi Jinja, kikaziba mitambo, na nchi nzima ikawa giza. Kwa hiyo sola kama ile ya Soroti na ya Tororo, megawati 10 kila moja, inahitaji wenzake wengi. Sola ya nyumbani ni nzuri kwa taa na simu, sufuria ya maharage haiiwezi, na betri zake zikifa zinatupwa nyuma ya nyumba watoto wanapochezea. Hilo nalo halina mwenyewe.

Kuhusu mafuta, yaliyogunduliwa 2006, sitasema mengi. Bomba la kilomita 1,443 litayapeleka Tanga yakiwa yamepashwa moto yasigande. Mimi ninachosubiri ni kiwanda cha kusafishia mafuta kilichopangwa Kabaale, huko Hoima, kwa sababu kina gesi ya kupikia ndani yake. Najua gesi ni katika vitu visivyorudi. Hata hivyo, nikiambiwa nichague kati ya mtungi wa gesi ya Hoima na gunia la makaa ya shea, nachagua mtungi bila kusita, ikiwa bei ya kuujaza itakuwa ya watu wa kawaida.

Ombi langu kwa serikali: bei ya kupikia ianzie uniti ya kwanza, na hoteli ndogo, masoko na shule za bweni ziingizwe. Hizo shule zinapokea kuni kwa malori. Ombi langu kwako, Mhariri: mnatuchapishia bei ya petroli na ya dola. Tuchapishieni kila wiki na bei ya gunia la makaa, ya Gulu, ya Bweyale na ya Kampala, na mtuulizie makaa hayo yametoka msitu gani.

Mama mwenye hoteli,
Bweyale, Kiryandongo