Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Chama cha Wakusanyaji wa Majambia ya Kijeshi ya Kijerumani

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati yenu nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Habari za mapato na matumizi atazieleza mweka hazina, na za wanachama wapya anazo katibu. Mimi nitabaki kwenye jambo lililochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu, yaani utaratibu wa kuthibitisha uhalisi wa majambia, ambao kamati inapendekeza ubadilishwe. Chimbuko la pendekezo hilo ni kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana nilitia saini cheti cha jambia la ofisa wa jeshi la nchi kavu, lile toleo lililoanza kuvaliwa mwaka 1935. Kwa nje halikuwa na dosari: bapani palikuwa na alama ya kindi ya kiwanda cha Carl Eickhorn cha mji wa Solingen, Ujerumani, tai wa kwenye kinga ya mkono alikuwa na manyoya yaliyochongwa kwa makini, na mpini wa rangi ya chungwa ulikuwa umefifia kama inavyotarajiwa kwa umri wake. Miezi michache baadaye mwenye mali alilifungua mbele ya kamati. Kichwa cha mpini kilizungushwa kwa mkono kikatoka, mpini ukavutwa, na msuka, yaani sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini, ukaonekana unang'aa, una mikwaruzo mipya ya tupa na hauna hata chembe ya kutu, ilhali chuma kilichofichwa ndani ya mpini tangu kabla ya vita huwa kimefubaa na kuwa cha kijivu au cha kahawia. Tundu la kinga ya mkono nalo lilikuwa limepanuliwa ili bapa lipite. Bapa lilikuwa la kweli, mpini wa kweli na kichwa cha kweli, ila vitu hivyo havikuwahi kukutana kiwandani.

Hii ndiyo aina ya udanganyifu inayotusumbua kuliko jambia lililoigizwa lote, ambalo mara nyingi hujifichua lenyewe kwa vijitundu vya kusubu na herufi zisizo na ukali. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Solingen ilibaki na shehena za sehemu zisizounganishwa, na katika miaka iliyofuata nyingi ziliunganishwa na kuuzwa kwa wanajeshi na wakusanyaji, hasa wa Marekani. Alama ya kiwanda haitoshi kutuokoa hapo, kwa kuwa alama yenyewe ni halali. Inatusaidia zaidi pale inapolinganishwa na vitu vingine: Eickhorn ilibadilisha mchoro wa kindi wake zaidi ya mara moja, na madini ya mapambo nayo yalibadilika jinsi miaka ilivyosonga, hata zinki ikachukua nafasi ya madini bora zaidi. Alama ya awali ikikaa pamoja na mapambo ya zinki ya miaka ya mwisho, yafaa kuuliza maswali.

Hata hivyo tusihukumu kwa pupa. Jeshi la majini lilianza kutumia kichwa cha mpini chenye umbo la tai mwaka 1938, badala ya kile cha zamani chenye umbo la mwali wa moto, na baadhi ya maofisa walibadilisha kichwa tu kwenye majambia waliyokuwa nayo tayari. Jambia la namna hiyo lina mchanganyiko wa halali kabisa, na mkusanyaji anayelikataa anajinyima.

Ipo pia habari ya mwanachama aliyetuletea jambia lililosemekana kuwa la babu yake, aliyekuwa askari wa Wajerumani Afrika Mashariki. Ilitubidi tumweleze kwa upole kwamba jeshi hilo lilisalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, na tai aliyeshika swastika, alama ya Wanazi waliotawala baadaye, hawezi kuwa mali ya wakati huo. Hatukuwa na sababu ya kutilia shaka kwamba babu alikuwa askari. Jambia ndilo lililoingia katika familia baadaye kwa njia nyingine.

Nakumbusha pia kwamba sheria ya Ujerumani, kifungu cha 86a cha kanuni ya adhabu, inakataza kuonyesha hadharani alama za Kinazi isipokuwa kwa madhumuni kama elimu na utafiti. Katika meza zetu za maonyesho alama hizo zitaendelea kufunikwa, na mtu anayevutiwa na itikadi yenyewe badala ya ufundi na historia hana nafasi katika chama hiki.

Pendekezo linaloletwa kwenu mlipigie kura ni kwamba cheti kisitolewe kabla jambia halijafunguliwa mbele ya wajumbe wawili, na picha ya msuka iambatanishwe. Jambia lisiloweza kufunguliwa bila kuharibika litaandikiwa hivyo waziwazi. Vyeti vya zamani, vikiwemo vyote nilivyosaini mimi, vitapitiwa upya bila malipo, na nimeomba foleni hiyo ianze na jambia langu la jeshi la majini, ambalo kwa miaka yote niliyokaa nalo sijathubutu kulifungua.

Mwenyekiti